Foto ya sura mjini Bukavu: «Unaenda nayo wapi?»

Tangu Februari 2025, kamera imekuwa kitu kizito kubeba kwenye avenue Patrice Emery Lumumba. Katikati ya mwezi ule wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Bukavu, na tarehe 27 milipuko ikatokea Place de l'Indépendance, siku Corneille Nangaa alipofanya mkutano wa hadhara pale. Watu zaidi ya kumi walikufa, wengi wakajeruhiwa, na foto za telefone zikazunguka WhatsApp mbele hata familia kupata habari. Tangu hapo, mtu akiona mwingine ameinua telefone kwa upande wake, anageuza uso kwanza, anauliza nyuma.

Katika hali hiyo, kuzungumza juu ya matembezi ya foto mjini kunaweza kuonekana mchezo wa watu walioshiba. Sivyo. Matembezi ya namna hiyo, yenye gide, yenye kupita kwa mguu kartie ya zamani na kupiga foto za sura za wakaaji, yanagusa jambo ambalo Bukavu haijawahi kulimaliza: sura ya mtu wa hapa ni mali ya nani?

Kwanza tuone yanavyofanyika kwingine. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu iliyoufuata mwaka 2001, ni mahali mgeni anaweza kutembezwa na gide kwa masaa mawili ao matatu. Gide anaeleza milango na nyumba, anasalimia watu anaowajua, na mgeni anapiga foto kwa ruhusa yao. Kazi hiyo inasimama juu ya mazoea ya zamani. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza Zanzibar mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, Lamu ilikuwa na Bakor Studio ya Omar Said Bakor. Watu wa pwani walijua foto ya sura ni nini miaka mingi kabla ya mtalii wa kwanza mwenye kaptula. Na bado wanalalamika, kwa sababu si kila mgeni anaomba. Mama wa Kiislamu anayeteremsha mtandio usoni akipita Shangani hajasema neno, lakini amekwisha jibu.

Bukavu ina nini cha kuonyesha? Ina vingi. Mji uliwekwa na Wabelgiji mwaka 1901, ukaitwa Costermansville kwa heshima ya Paul Costermans, mkubwa mmoja wa utawala wa Leopold, na jina la Bukavu likarudi miaka ya 1950. Rasi zake tano zinaingia katika ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Kati ya vita vikuu viwili na baadaye kidogo, walowezi wenye makuta ya kahawa na kinini walijenga kwa mtindo uliokuwa wa kisasa wakati ule, Art Deco: kona za mviringo, mistari mirefu ya simenti, baraza zenye kivuli, madirisha ya duara kama ya meli. Avenue Lumumba yenyewe, ambayo zamani iliitwa avenue Royale, bado ina nyumba hizo, na Hôtel Résidence ni moja. Juu kidogo kuna majengo marefu ya Collège Alfajiri, shule ya Wajezwiti iliyoanza mwaka 1938.

Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ulikuwa na majengo ya kizazi hicho hicho, yaliyojengwa na wakoloni wengine. Mwaka 2017 UNESCO iliuandika kwenye orodha yake. Bukavu haimo. Sheria ya kulinda mali ya utamaduni iko Congo tangu mwaka 1971, lakini mwenye parsele akitaka kupandisha etaje mbili juu ya nyumba ya mwaka 1940, ao kufunga baraza na matofali apate butike nne, hakuna anayemsimamisha. Rangi inapakwa juu ya rangi, tangazo la kampuni ya telefone linafunika herufi za zamani. Katika foto nyingi za leo, ile nyumba unayoiona nyuma ya mtu itakuwa imebadilika kabla ya mtoto wake kumaliza shule.

Ndiyo sababu foto ya sura ingeweza kufanya kazi ambayo foto ya jengo peke yake haifanyi. Fundi cherehani aliyekaa mlangoni pa nyumba ile anaonyesha nyumba inatumika namna gani leo na nani anaishi nayo. Art Deco bila watu ni kadi ya posta, na kadi za posta za avenue Royale zipo tayari nyingi: gari mbili, miti, lami safi, na mwenyeji hayupo, ao yuko mbali akifagia.

Lakini gide anayeeleza simenti na kona tu anaeleza nusu ya mji. Mkaaji wa Bukavu akipita barabara hiyo anaona vitu vingine. Place Mulamba ina jina la Léonard Mulamba, askari aliyezuia waasi wa Simba kuchukua Bukavu mwaka 1964, kisha akawa waziri mkuu. Kuanzia Agosti hadi Novemba 1967, mamluki wa Jean Schramme walikalia mji huu, na ulipookolewa ulikuwa umevunjika. Nyawera, pale watu wanasukumana na wauzaji na moto za abiria, ndipo aliuawa Askofu mkuu Christophe Munzihirwa tarehe 29 Oktoba 1996. Juni 2004 ilikuwa Nkunda na Mutebutsi. Waandishi wawili wa Radio Okapi, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa kwa risasi katika mji huu huu. Mtu mwenye miaka hamsini amekwisha kuona jeshi ngapi zikipita mbele ya mlango mmoja? Ukimwomba asimame kwenye mlango huo umpige foto, usishangae akiuliza kwa nini pale.

Swali lake la kawaida ni fupi: «Iyi foto unaenda nayo wapi?»

Wapiga foto wengi, wageni na hata vijana wa hapa, wanalichukua swali hilo kama kizuizi cha kuruka kwa haraka: cheka kidogo, sema «ni kwa kumbukumbu tu», piga. Hapo wanakosea, kwa sababu muulizaji ana historia nyuma yake.

Katika foto za wakati wa ukoloni, zile zilizopigwa na wapiga foto wa serikali na nyingi zikahifadhiwa Tervuren karibu na Bruxelles, mara nyingi mwenyeji hana jina. Maelezo yanasema kabila, kazi, ao «mwanamke na mtoto». Mzungu aliye pembeni ana jina lake lote na cheo. Sura ilichukuliwa kama mfano wa kitu, kama vile majani ya chai.

Halafu ikaja foto ya vita. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na zaidi baada ya kazi ya daktari Denis Mukwege pale Panzi kujulikana dunia nzima mpaka Nobel ya mwaka 2018, Bukavu imepokea kamera nyingi sana. Wengine walifanya kazi ya heshima. Walificha uso pale ilipohitajika, walirudi. Lakini namna yenyewe ilikuwa moja: mwanamke wa Kivu anaonyeshwa dunia kupitia siku yake mbaya kuliko zote. Anaweza kuwa mwalimu, mkulima, mwimbaji wa korali, mkali wa kubishana bei. Foto inajua jambo moja tu juu yake. Na ikiisha kwenda kwenye intaneti, binti yake ataikuta.

Kati ya hizo mbili kulikuwa na foto ya tatu, ya studio, ambayo watu wa Bukavu waliipenda na wanaipenda. Unavaa vizuri, unakwenda mwenyewe, unalipa, unasimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji ao ndege, unachukua foto yako unarudi nyumbani. Seydou Keïta kule Bamako na Jean Depara kule Kinshasa wamepata sifa ya dunia kwa picha za namna hiyo na za watu waliotaka kuonekana. Nguvu ya foto za studio ilikuwa hapo: mwenye sura ndiye aliyeagiza. Alichagua shati, saa ya mkono, mkao, hata radio ya kuweka pembeni.

Matembezi ya foto yanageuza mpango huo. Anayeagiza ni mwenye kamera, na mwenye sura ameshtukizwa akiuza nyanya. Kama hakuna kitu kinachorudisha usawa, basi ni ile foto ya kwanza tena, ya kikoloni, ila na rangi nzuri zaidi.

Kuna jambo la ajabu kidogo hapa Kivu ya Kusini. Ngagi wa Kahuzi-Biega wana kanuni kuliko sisi. Mgeni akifika Tshivanga anaelezwa: saa moja tu na familia ya ngagi, umbali wa mita kadhaa, barakoa mdomoni, flashi hapana, kundi dogo, gide akisema rudi unarudi. Kanuni hizo zimejulikana miaka na miaka, na wageni wanazifuata bila kubisha. Mgeni yule yule akishuka mjini, anainua kamera mbele ya mama wa soko la Kadutu bila hata kusalimia.

Congo haikosi maandishi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Februari 2006 kinasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Kodi ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023 inagusa ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini mambo ambayo wapiga foto wanayajua zaidi ni makatazo ya upande mwingine: usipige daraja, usipige mpaka wa Ruzizi, usipige kambi Saio, uwanja wa ndege, jengo la serikali, askari. Desturi hiyo inatoka mbali, tangu wakati wa Zaire, pale kamera mjini iliomba karatasi yenye mhuri. Serikali ilijua kulinda daraja. Kulinda uso wa muuza mkaa, hapana. Na leo, mji ukiwa mikononi mwa mamlaka ambayo Kinshasa haiitambui, hata anayetaka kufuata sheria anajiuliza aombe mhuri kwa nani, na mhuri huo utasomwaje kesho wengine wakirudi.

Kwa hiyo kazi ya gide wa matembezi ya foto Bukavu ingekuwa kwanza kazi ya ruhusa, historia na mwanga zikifuata. Gide anapita njia hiyo siku moja kabla, bila kamera. Anasalimia kwa Kiswahili ao kwa Mashi, anasema na mwenye butike, na mzee wa avenue, anajua nani yuko tayari na nani yuko na matanga nyumbani. Siku yenyewe kundi linakuwa dogo, watu watatu ao wane, kwa sababu watu kumi wenye kamera ni kama operesheni. Kamera inabaki begani mpaka mazungumzo yamalizike. Mtu akisema «Leo sikuvaa muzuri, yaya», hilo ni jibu kamili, ao ni ahadi ya kesho: mara nyingi anamaanisha hasa anachosema, anataka akavae. Anayerudi kesho yake atamkuta na kitenge kipya na nywele zimesukwa, na foto itakuwa yake kweli. Wapiga foto wanaotafuta «mtu wa kawaida katika hali yake ya kawaida» hawapendi hilo. Shida yao. Watu wa Bukavu hawajawahi kukubali kwamba hali yao ya kweli ni ile ya nguo zenye vumbi.

Kuhusu mwanga, mji wenyewe unasaidia. Bukavu iko karibu na ikweta, mita karibu 1500 juu ya bahari, na jua likipanda linachoma paji la uso na kuzima macho. Asubuhi mapema ziwa linaleta ukungu mwembamba unaolainisha kila kitu, na jioni nako kuna muda mfupi mzuri. Katikati ya siku, baraza za zile nyumba za zamani zinafanya kazi ya studio: mweke mtu hatua moja ndani ya kivuli, uso ukitazama barabara, na mwanga wa nje utamjaa taratibu kutoka mbele. Pima mwanga kwenye uso, usipime ukuta mweupe nyuma yake. Jambo hilo si dogo. Kwa miaka mingi filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa kadi yenye foto ya mwanamke mzungu, na sura nyeusi zikatoka kama kivuli chenye meno. Telefone za leo ni bora, lakini bado zinadanganyika ukuta ukiwa mweupe sana.

Hatari mpya iko baada ya kubonyeza. Foto ya telefone mara nyingi inabeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Ikitumwa kama faili, anayejua kusoma anasoma. Katika mji ambapo mtu anaweza kuulizwa ulikuwa na nani, wapi, siku gani, habari hiyo ndogo si ndogo. Kuizima kunachukua nusu dakika kwenye mipangilio ya kamera. Na kuna wanaopita nyuma: kijana mwenye moto, mwanafunzi, mtu wa silaha aliyesimama pembeni. Hao hawakuombwa kitu. Baraza na milango inasaidia tena hapa, kwa kuwa ukuta nyuma ya mtu mmoja unamlinda mwingine.

Hapo juu ilisemwa kwamba foto ya kikoloni ilikosea kwa kutoandika jina. Ingekuwa rahisi kusema basi leo tuandike majina yote. Bukavu ya sasa inakataa urahisi huo. Kuna mama ambaye angefurahi kuona jina lake lote chini ya foto yake, na jirani yake ambaye jina lake likitoka anaweza kulala nje ya nyumba. Anayejua tofauti hiyo ni wao wenyewe tu. Kwa hiyo mpiga foto anauliza maswali mawili mbalimbali, moja la kupiga na moja la kuonyesha, na anaeleza «kuonyesha» maana yake nini: kwenye ukuta wa sherehe mjini, kwenye Facebook, Ulaya. Wengi wanakubali la kwanza na kukataa la pili. Haki yao, na pia haki yao kubadilisha wazo wiki inayofuata.

Wapo wapiga foto wa mkoa huu walioonyesha kwamba inawezekana. Raissa Karama Rwizibuka wa Bukavu alikuwa kati ya Wacongo walioshiriki mwaka 2020 katika kazi ya pamoja iliyoitwa Congo in Conversation, chini ya Tuzo ya Carmignac, pamoja na wapiga foto kutoka Goma na Kinshasa. Corona ilikuwa imefunga mipaka, wageni hawakuweza kuzunguka, na ghafla dunia ikaona Congo kupitia macho ya wanaoishi humo. Kilichokuwa dharura mwaka ule kinafaa kuwa desturi: hakuna gide bora wa kartie kuliko anayelala hapo.

Bado swali la makuta. Wengine wanasema kumlipa anayepigwa foto kunaharibu, kutamfanya kila mtoto anyooshe mkono. Wengine wanauliza kwa nini gide alipwe, hoteli ilipwe, dereva alipwe, na mwenye uso peke yake apewe asante. Wa pili wana haki zaidi. Tangu benki zifunge milango mapema 2025, hata franga chache zina uzito, na mtu akiacha meza yake dakika ishirini amepoteza wateja. Lakini malipo ambayo watu wanayakumbuka ni karatasi. Foto iliyochapishwa, kumi kwa kumi na tano, ikarudishwa mkononi mwake kabla ya wiki kuisha.

Mwaka 1996 na tena mwaka 2004 nyumba nyingi ziliporwa, na albamu zilikwenda pamoja na magodoro na sahani. Nyumba za mbao za Kadutu zinawaka mara kwa mara, na moto hauchagui. Familia nyingi hazina hata foto moja ya babu. Matanga yanapotokea, vijana wanaanza kutafuta kwenye telefone: picha ya harusi ya mtu mwingine, marehemu yuko pembeni, nusu ya bega imekatika. Wanaikata, wanaikuza mpaka uso unakuwa mabaka, wanaipeleka labo ikachapishwe kwa haraka iwekwe juu ya jeneza. Kila mkaaji wa Bukavu ameiona foto hiyo.

Mama wa Nyawera anayeuliza «unaenda nayo wapi» anajua hayo. Akiambiwa kwamba moja itabaki kwake, imechapishwa, sauti yake inabadilika: anajipangusa mikono, anarekebisha kitambaa, anamwita na dada yake wa meza ya pili. «Utupigeko wawili.»